Chakula cha Zimwi la Lifti

Nchi ninayoisimulia msiitafute kwenye ramani. Ramani yake ilipelekwa kuhakikiwa, na mpaka leo haijarudi. Wanaoishi humo wanaijua. Wasioishi humo wamshukuru Mungu, wasiulize mengi.

Katika nchi hiyo kulikuwa na riwaya ya kutisha. Ilitoka kwa vitabu vyembamba vyenye jalada jekundu, kimoja kila baada ya miezi miwili, na jina lake lilikuwa Zimwi la Lifti. Habari yenyewe ni hii: kuna jengo refu, ndani yake kuna lifti, na ndani ya lifti linaishi zimwi. Zimwi hilo halili nyama. Linakula majina. Mtu anaingia na faili lake kwapani, mlango unajifunga, na ukifunguka kule juu mnakuta viatu tu. Nyumbani kwake, mama akitaka kumwita, mdomo unafunguka lakini jina halitoki. Kula nyama kuna afadhali.

Mwandishi hakuna aliyemjua. Kwenye jalada waliandika tu: "Na Mpanda Ngazi."

Nilivisoma vyote kumi na viwili. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nasoma kwa kidole, neno baada ya neno, na sijawahi kuruka mstari kwa sababu sikufundishwa kuruka. Aliyekuwa akiniletea ni mjukuu wangu Asteria. Nilimlea tangu mama yake alipofariki, na alipokua akapata kazi kwenye mtambo mdogo wa uchapaji, akishona vitabu kwa uzi kabla havijabandikwa jalada. Nakala zilizoharibika waliruhusiwa kwenda nazo nyumbani. Basi riwaya nzima nimeisoma kwa nakala mbovu. Kitabu cha tano kilikuwa na ukurasa wa kumi na sita mara tatu, nikauogopa mara tatu. Cha nane kilishonwa kichwa chini, nikakisoma hivyo hivyo na zimwi lake likatisha vilevile.

Kitabu cha kumi na mbili kiliishia pabaya sana. Zena, msafisha ngazi, ambaye zimwi halijawahi kumpata kwa kuwa hapandi lifti, anasikia watu wanagonga kutoka ndani. Anaweka ndoo chini. Anaingia. Mlango unaanza kujifunga. Kitabu kimekwisha.

"Asteria," nikamwambia, "cha kumi na tatu lini?"

"Bibi nawe! Karatasi hazijaja."

"Lakini wewe ulishaona kilivyoandikwa?"

"Hata kama nimeona, sikuambii. Nikikuambia utaacha kunisubiri jioni."

Ndivyo alivyokuwa, mtu wa mzaha.

*

Sasa, mji mkuu wa nchi hiyo ulikuwa na lifti moja tu ambayo wananchi walijua inafanya kazi, nayo ilikuwa kwenye jengo la Wizara ya Utulivu. Ghorofa tisa. Watu waliosoma riwaya wakaanza kupanda ngazi. Makarani wakapanda ngazi. Wakurugenzi wakasema wanafanya mazoezi kwa ajili ya moyo, wakapanda ngazi. Waziri mwenyewe, ambaye ni mtu mwenye mwili wa kutosha, alipandishwa kwa lifti siku ya Jumatatu kabla hajasikia habari hizo. Aliposimuliwa akakataa kushuka, akakaa ofisini mpaka Alhamisi. Chakula kilikuwa kinavutwa kwa kamba dirishani.

Ijumaa alihutubia taifa. Redio ya jirani ilikuwa imewashwa, nikasikia yote.

"Ndugu wananchi," alisema, "Serikali haina zimwi. Serikali haijawahi kuwa na zimwi. Na zimwi lililopo litashughulikiwa kwa mujibu wa sheria. Nalipatia siku kumi na nne liwe limeondoka lenyewe kwa hiari."

Zikapita siku kumi na nne. Zimwi halikuonekana likiondoka. Wakaweka askari ndani ya lifti, akaomba uhamisho. Wakaweka fomu: kila abiria wa lifti atamke kwa maandishi kwamba yeye si zimwi, hajawahi kuwa zimwi, na hana ndugu zimwi hadi kizazi cha tatu. Watu wakazidi kuogopa, maana Serikali haitengenezi fomu kwa kitu ambacho hakipo.

Hapo ndipo Waziri alipoamuru Mpanda Ngazi akamatwe. Mpanda Ngazi hakupatikana. Kwa kuwa amri ilikuwa imeshatoka na magari yalikuwa yameshawashwa, walikwenda kwenye mtambo wa uchapaji wakachukua kila waliyemkuta. Wauza vitabu wa barabarani wakachukuliwa pia. Asteria alichukuliwa sindano yake ikiwa mkononi. Aliyeniambia alisema uzi ulimfuata mpaka mlangoni.

*

Walipelekwa Nyumba ya Ufafanuzi. Ni jengo zuri, limepakwa rangi ya maziwa, lina ghorofa sita. Langoni kuna dirisha dogo, na kwenye dirisha alikuwa akikaa Bwana Mfaume, kijana mwenye adabu sana. Tangu siku ya kwanza hakuacha kuniamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimemletea Asteria chakula."

"Hapa hakuna mtu anayeitwa Asteria."

"Haya. Basi mpelekee."

"Nitampelekea."

Ndivyo tulivyokuwa tukisema kila siku. Sikubishana naye. Nilikuwa nikipika ndizi na maharage, natia kwenye bakuli la bati, nalifunga kwa kitambaa cha khanga, namkabidhi. Jioni bakuli lilirudi tupu, limeoshwa, limefungwa.

Na mimi nilikuwa nikienda kwa ajili ya huko kufungwa. Asteria ni mtu wa mkono wa kushoto. Tangu mdogo anafunga mafundo mawili, moja juu ya jingine, ncha zote zimeelekea kushoto, na anakaza kama anafunga mbuzi. Ilinibidi nifungue kwa meno, na meno yangu yenyewe mnayajua. Lakini kila jioni nilipotia fundo hilo kinywani nilijua yu hai na mikono yake ina nguvu. Serikali iliniambia hayupo. Fundo liliniambia yupo. Nililiamini fundo.

Kwenye foleni tulikuwa wanawake kama arobaini. Aliyekuwa akisimama mbele yangu ni Mama Kondo. Mwanawe Kondo, mwanamume wa miaka thelathini, alikuwa akiuza vitabu hivyo stendi, akachukuliwa pamoja na mzigo wake. Mama Kondo hakujua kusoma kabisa.

"Bibi Domitila," aliniambia siku moja, "mwanangu amefungwa kwa kitabu ambacho mimi sijui hata ndani kina nini. Hebu nisomee."

Nikaanza na cha kwanza. Nasoma polepole, na foleni ilikuwa inakwenda polepole zaidi, tukaelewana. Mwisho foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Wa nyuma wakipaza sauti, "Rudia hapo kwenye viatu!", nami narudia. Hata Bwana Mfaume alikuwa akisogeza kiti karibu na dirisha, akijifanya anapanga mihuri.

Tulipofika mwisho wa cha kumi na mbili, mlango wa lifti unajifunga, Mama Kondo akauliza taratibu, "Wanaogonga mle ndani, kumbe wako hai?"

"Wanagonga," nikamwambia. "Maiti hagongi."

Siku ileile jioni, bakuli lilirudi na fundo la mtu mwingine. Fundo moja, la kulia, la ovyo.

*

Kesho yake fundo la kulia. Keshokutwa la kulia. Nikamwuliza Bwana Mfaume.

"Bibi, nikwambie nini? Hapa hakuna mtu anayeitwa Asteria."

"Jana pia ulisema hivyo, lakini jana hukuangalia pembeni."

Akagonga muhuri kwenye karatasi isiyo na maandishi.

Niliendelea kupika. Mtakata ndizi zile zile, mtawasha moto ule ule, na hamjui mnampikia nani. Nikawa nazungumza na sufuria. Nikawa nahesabu: siku ya tano ya fundo la kulia, siku ya tisa, siku ya kumi na tatu. Usingizi uliniacha, na chakula changu mwenyewe kikawa hakishuki. Kitu pekee kilichonisimamisha ni kwamba bakuli lilirudi tupu. Kuna aliyekula.

Serikali nayo haikulala. Iliunda Kamati ya Kitaifa ya Kumalizia Hadithi. Wajumbe thelathini na mmoja: mtaalamu wa mbolea, wanasheria saba, kamanda wa jeshi la majini, ingawa nchi ile haina bahari, na shemeji yake Waziri ambaye aliwahi kusoma kitabu. Walijifungia hotelini, wakaandika kitabu cha kumi na tatu. Kilichapwa kwenye karatasi nzito, jalada jeupe, muhuri wa Serikali mbele na nyuma. Wakatugawia bure pale pale kwenye foleni, na Bwana Mfaume akaambiwa ahakikishe kinasomwa.

Nikakifungua. Foleni ikasogea karibu. Nikaweka kidole.

"Mlango wa lifti ulipofunguka, Zena alilikuta Zimwi limeketi katika hali ya utulivu. 'Ndugu Zena,' lilisema Zimwi, 'awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu kuishukuru mamlaka husika...'"

"Ngoja," akasema Mama Kondo. "Nani anaongea?"

"Zimwi."

"Zimwi gani linaongea kama mwenyekiti wa kamati ya maji? Lile la kitabu cha sita si lilikuwa linanguruma mpaka taa zinazima?"

"Labda limesoma," akasema mmoja wa nyuma.

"Nyamazeni tusikie," nikasema, nikaendelea. Zimwi lilishukuru kurasa mbili na nusu. Kisha likaeleza kwamba suala la kula majina lilikuwa changamoto ya muda, kwamba linasikitika kwa usumbufu uliojitokeza, na kwamba majina yote yatarejeshwa kwa awamu. Zena akapiga makofi. Ukurasa wa arobaini na tatu ulisema: "Siku hiyohiyo wote waliopotea walirejea makwao wakiwa na afya njema na shukrani." Ukurasa wa arobaini na nne, ambao ndio wa mwisho, ulikuwa na mistari miwili tu. Nikausoma kama kawaida yangu, bila kuruka.

"Basi?" akauliza Mama Kondo.

"Basi."

"Na waliokuwa wanagonga? Nani aliwafungulia?"

"Hawakuandika."

*

Tulidhani hicho ni kitabu tu. Kumbe ilikuwa ni amri. Wiki iliyofuata redio ilitangaza kwamba kwa kuwa kitabu cha kumi na tatu kimechapwa na Serikali, na kwa kuwa kinachochapwa na Serikali ni kweli, wote waliopotea wamerudi. Kila kaya ifike, au ifikiwe, itie saini Hati ya Kupokea Mpendwa.

Walinifuata nyumbani mara nne. Niliwapa chai mara nne.

"Bibi, tia saini umempokea Asteria."

"Nitatia, wanangu. Nangoja nimwone."

"Ukurasa wa arobaini na tatu unasema amerudi."

"Nimeusoma. Labda yuko njiani. Ongezeni sukari."

Tuliokuwa tukijibu hivyo tuliandikwa kwenye orodha ya kaya korofi. Na kwa kaya korofi Kamati ikapata ufumbuzi.

Mara ya tano walikuja na gari. Nilikuwa uani nachambua maharage. Alishuka ofisa mwenye kalamu mbili mfukoni, na nyuma yake wakamshusha mtu. Nikasimama, maharage yakamwagika yote. Kisha nikaona ndevu.

"Tumekuletea Asteria wako," akasema ofisa.

"Mwanangu, huyu ni mwanamume."

"Bibi, fomu inasema mtu mmoja. Huyu ni mtu mmoja."

"Asteria ni msichana. Ana miaka ishirini na minne."

Ofisa akatazama karatasi, akamtazama yule mtu, akavuta pumzi kama mwalimu mwenye darasa zito. "Kitabu kinasema wamerejea wakiwa na afya njema. Hakisemi wamerejea wakiwa na sura gani. Utatia saini au hutii? Usipotia, namrudisha. Na lile lango haliwafungulii watu mara mbili, naomba nikueleze ukweli huo kwa heshima yako."

Yule mtu alikuwa amekonda mpaka shati linamning'inia kama kwenye kamba. Akapiga magoti, kama anaokota maharage yangu, akaninong'oneza.

"Shikamoo bibi. Mimi ni Kondo. Muuza vitabu."

Nikainama naye, tunaokota wote wawili.

"Mama yako yupo," nikamwambia. "Anasimama mbele yangu kwenye foleni kila siku."

Akafumba macho kidogo. Kisha akasema, "Bibi, mimi ndiye niliyekuwa nakula ndizi zako. Walikuwa wananisukumia mimi. Nilijua si zangu, lakini nikala. Unisamehe. Siku thelathini na moja."

"Na mwenyewe?"

"Tulikuwa vyumba jirani. Akasema yeye anajua Zena anafanya nini ndani ya lifti, amekiona mwenyewe kile cha kumi na tatu cha Mpanda Ngazi, na hatawaambia. Wakampandisha juu."

"Juu wapi?"

"Ghorofa ya sita. Kwa lifti." Akaokota harage moja, akanitilia kiganjani. "Sijamwona akishuka."

Ofisa akagonga kalamu kwenye ubao wake. "Bibi, gari linakula mafuta."

Sasa nyinyi mnaosoma, nifanye nini? Nikitia saini, Asteria yuko nyumbani. Kwenye karatasi yuko nyumbani, anakula, ana afya njema na shukrani, na hakuna tena dirisha duniani ambapo naweza kusimama niseme namtafuta. Nisipotia, mtoto wa Mama Kondo anarudi ndani na lango linafungwa. Nilimtazama yule ofisa, nikatazama zile kalamu mbili. Nikafikiria kwamba huenda mahali pengine, kwenye ua mwingine, kuna kikongwe mwenzangu ameletewa msichana wa mkono wa kushoto na anaulizwa vivyo hivyo. Hilo nililifikiria ili mkono uweze kwenda. Sikuliamini.

Nikaandika jina langu, herufi moja moja. Ofisa alisubiri. Hata yeye alikuwa na subira kwa mara ya kwanza.

*

Nikampeleka Kondo kwa mama yake. Sitasimulia kilio kile. Nitasema tu kwamba alipewa kitambulisho kipya, picha yake na ndevu zake, jina Asteria, jinsi ya kike, na akaonywa kwamba akiitwa kwa jina jingine atakuwa amedanganya Serikali. Mjumbe wa nyumba kumi akawa anapita kusikiliza.

"Asteria," ndivyo Mama Kondo anavyomwita mlangoni. "Asteria mwanangu, njoo ule."

Akinyamaza kidogo ninaona mdomo wake unafunguka kutaka kusema lile jingine, na halitoki.

Kesho yake nilipika ndizi. Nikafunga bakuli, nikatia na kile kitabu cheupe kwapani, nikaenda langoni. Foleni haikuwepo. Wote walikuwa wamepokea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, wewe mtu wako si amerudi?"

"Amerudi. Nimetia saini."

"Sasa hicho chakula cha nani?"

"Cha zimwi."

Nikafungua kitabu ukurasa wa arobaini na nne, nikakipitisha dirishani, nikamwekea kidole changu mahali penyewe.

"Soma wewe, una shule kunizidi."

Akasoma kwa sauti ndogo: "Zimwi lilibaki peke yake ghorofa ya juu, likijutia makosa yake, chini ya uangalizi wa Serikali."

"Kina muhuri?" nikauliza.

"Kina muhuri."

"Cha uongo?"

Akatazama nyuma yake. "Hapana, bibi. Si cha uongo."

"Basi mnaliangalia. Mnaliangalia bila kulilisha?"

Alipiga simu. Akapigiwa. Akapiga tena. Nilimsikia akisema, "Ndiyo mkuu, zimwi... hapana mkuu, ni bibi kizee... ukurasa wa mwisho, mkuu." Nikakaa kwenye jiwe nikangoja. Baadaye alirudi dirishani anafuta shingo kwa leso.

"Wamesema hakuna kifungu kinachokataza," akasema, akaandika kwenye daftari lake huku akitamka: "Zimwi. Bakuli moja."

"Lifike juu lakini. Usimwachie mtu wa chini."

"Bibi, juu kule ngazi zimezibwa. Ni lifti tu."

"Basi panda lifti, mwanangu. Si limeshajirekebisha?"

Alinitazama sana. Vitabu vyote kumi na viwili alikuwa amevisikia pale dirishani, kwa sauti yangu, na ile sehemu ya viatu mara mbili. Kisha akainama, nikaona anakaza kamba za viatu vyake. Akachukua bakuli kwa mikono miwili, akaenda.

Nilisikia lifti. Ina sauti ya kuvuta, kama mtu anayeburuta kabati. Nikaisikia ikipanda. Ikanyamaza. Nilikaa pale mpaka jua likahama kutoka magotini kwangu likaenda ukutani. Ikaanza kushuka.

Bwana Mfaume alitoka, viatu vyote viwili vikiwa miguuni. Uso wake ulikuwa kama umepakwa unga. Hakuniamkia wala hakuniaga. Alipitisha bakuli dirishani, akafunga dirisha, nikasikia anakaa chini kwenye sakafu.

Bakuli lilikuwa zito. Lililiwa nusu tu.

Fundo lilikuwa moja, si mawili. Ncha zimeelekea kushoto. Nililipeleka mdomoni kwa mazoea, lakini halikuhitaji meno. Nililigusa tu likaachia.

Kesho nitasaga karanga nitie humo, zina nguvu. Na nitakwenda mapema.